Ng'ombe wa Serikali

Igogo ya miaka ya tisini, mtaa wa Mwanza ulio kando ya ziwa, ilinuka samaki, na wakazi wake walikuwa wameizoea harufu ile kiasi kwamba aliyekwenda Dar wiki mbili alirudi akilalamika kuwa hewa ya huko haina ladha. Ilikuwa miaka ya ruksa. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimeota ufukweni, minofu ikipanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa iliyobaki, yale mapanki, ikirudi mtaani kukaangwa na kuliwa na wenye ziwa lao. Mitumba ilimwagwa chini kila Jumamosi, na mtu mzima mwenye heshima zake aliinama kuchambua bila kujali anayemtazama. Redio ilihubiri soko huria asubuhi na jioni. Na watu waliokuwa kazini tangu ujana wao waliitwa ofisini mmoja mmoja, wakapewa bahasha na mkono wa kwaheri.

Paskazia Mashimba anapoikumbuka miaka ile leo, shida siyo inayomjia kwanza. Kwanza humjia kibaraza cha Mama Nusrat, chai ya rangi yenye tangawizi, na jinsi watu wawili walivyoweza kukaa saa nzima wakijadili shilingi elfu moja kama wabunge.

Alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya misheni. Mwaka tisini na tano alikuwa na miaka ishirini na tisa na hajaolewa, jambo ambalo majirani walilitaja kwa upole kila walipokosa la kusema. Mshahara wake ulikuwa shilingi elfu thelathini na sita kwa mwezi. Ukitaja kiasi hicho leo, vijana wanacheka. Lakini kwa hizo elfu thelathini na sita Paskazia alilipia chumba, alikula, alivaa, alimtumia baba yake huko Magu hela ya chumvi na ya dawa ya pamba, na bado alibakiza ya sadaka. Tena zilikuja. Mwisho wa kila mwezi zilikuja, na katika mtaa ambao kila nyumba ya tatu ilikuwa na mwanamume aliyepunguzwa kazini, mshahara unaokuja ulimfanya mtu aamkiwe hata na mwenye duka.

Kilichomtoa kwenye raha hiyo ni mwanamke mmoja aliyeitwa Odeta, muuza mapanki.

Odeta alikuja kupima damu, na majibu yake alipewa kwenye korido, amesimama, huku watu wakipita na ndoo. Siku hizo ndivyo ilivyokuwa. Ugonjwa ulikuwa umejaa kila mahali na hakuna aliyekuwa amefundishwa namna ya kuutaja. Alhamisi iliyofuata Odeta alirudi akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Paskazia akamwuliza anaumwa wapi. Akasema haumwi popote, amekuja kukaa tu. Paskazia akasimama mbele yake, muuguzi mwenye cheti na miaka saba ya kazi, akatafuta la kusema akalikosa. Akaingia ndani, akatoka na vidonge viwili vya Panadol, akampa. Odeta akavipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Alhamisi ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Ya nne hakuja, na wenzake wa sokoni wakasema amerudi kwao Ukerewe. Hakuonekana tena.

Zile Panadol zilimkaa Paskazia kooni. Alijionea aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asimame katikati ya kufua nguo na kuguna peke yake. Alipomweleza daktari wa zahanati, sista mmoja mzee asiye na maneno mengi, sista akamwambia kuwa mambo hayo yana elimu yake, yanasomewa chuo kikuu, yanaitwa saikolojia, na kwamba mtu mwenye umri wake anaweza kuingia kwa mtihani wa watu wazima. Paskazia akaufanya mtihani bila kumwambia mtu. Mwezi wa saba ikaja barua. Amechaguliwa.

Hapo ndipo kibaraza cha Mama Nusrat kilipoanza kazi.

Jina lake hasa ni Sihaba, lakini mtaa mzima ulimwita kwa jina la binti yake. Alikuwa jirani, mwenye nyumba na rafiki, yote kwa pamoja. Mumewe, Makame, alikuwa mmoja wa waliopewa bahasha, na tangu siku hiyo nyumba ilisimama juu ya meza ya mitumba ya Mama Nusrat na juu ya kichwa chake cha hesabu. Huyu alikuwa mtu wa kukwambia faida ya shati kabla hujalikunjua.

"Saikolojia ndiyo nini?" aliuliza.

"Elimu ya mambo ya moyo wa mtu na akili yake."

"Kwa hiyo uganga."

"Si uganga, Mama Nusrat."

"Basi udaktari."

"Si udaktari pia."

"Si uganga, si udaktari." Mama Nusrat akaweka kikombe chini. "Sasa nani atakulipa?"

Paskazia akasema labda serikali, labda shule, labda hospitali kubwa. Zile labda tatu Mama Nusrat alizipokea kama mtu aliyepewa noti zilizochanika. Akaagiza kalenda ya mwaka uliopita, akachana mwezi wa pili, akaugeuza nyuma, na akaanza.

Ikumbukwe kwamba zamani serikali ilimsomesha mtu chuo kikuu, ikamlisha, ikamlaza, na nauli ikampa. Mtu alitoka huko bila kudaiwa hata sindano. Paskazia alichelewa kuzaliwa. Mwaka wake ulikuwa wa kuchangia gharama: ada serikali bado inabeba, lakini chakula na kitanda ni mkopo, unasaini mwenyewe, na mdhamini anasaini chini yako.

"Mkopo kwa mwaka?"

"Laki mbili na elfu sabini."

"Mara tatu, laki nane na elfu kumi. Na mshahara utakaoukosa? Masista hawakulipi ukiwa Dar unasoma mioyo ya watu. Thelathini na sita mara miezi thelathini na sita." Kalamu ikakimbia. "Milioni moja, laki mbili na elfu tisini na sita. Jumlisha. Milioni mbili, laki moja na elfu sita. Ukimaliza, serikali ikikuajiri, watakupa ngapi?"

"Nimesikia elfu hamsini."

"Yaani umeongeza elfu kumi na nne." Akagawa, akafuta, akagawa tena. Kisha akageuza karatasi ili Paskazia aone mwenyewe. "Miezi mia na hamsini. Miaka kumi na miwili na nusu. Utakuwa na miaka arobaini na minne na ushee, na hapo ndipo utakuwa umerudi kwenye sifuri. Sifuri, Paska! Siyo faida. Kukopa harusi, kulipa matanga."

"Na kama hawataniajiri?"

"Basi karatasi hii haitoshi."

Hakusema kwa ubaya. Mama Nusrat alikuwa amemwona mume mwenye vyeti vitatu akishinda ameketi chini ya picha ya harusi yao, na hakutaka rafiki yake aongezeke kwenye orodha. Paskazia akaikunja ile karatasi akaiweka kifuani. Hesabu haikuwa na kosa. Aliirudia mara tatu akitafuta kosa, na alichukia kila mara alipolikosa.

Jumamosi akapanda gari la Magu kwenda kwa baba yake. Ilikuwa lazima, maana bila mdhamini hakuna mkopo, na bila baba hakuna mdhamini.

Alimkuta mzee Mashimba uani akichambua pamba, safi huku, fifi, ile yenye uchafu, kule. Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameingia na pesa taslimu na mizani zao, na wakulima walikuwa wakiwapokea kwa furaha na kuwapima kwa wasiwasi. Mama yake Paskazia alishafariki, na mzee aliishi na pamba yake, ng'ombe kumi na mmoja, na redio moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu." Alimwita hivyo tangu utotoni, kama Wasukuma wanavyomwita mama na binti kwa neno moja. "Umekonda, au ni hilo gauni?"

Paskazia akaeleza yote. Barua, saikolojia, mkopo, na hesabu ya Mama Nusrat, maana hakutaka kumficha. Mzee alisikiliza mikono ikiendelea na pamba. Saikolojia hakuiuliza kabisa. Aliuliza mengine.

"Wanakukopesha fedha mkononi?"

"Hapana, baba. Chakula na kitanda."

"Na ukimaliza unarudisha."

"Narudisha."

"Na hiyo elimu wanaichukua?"

"Elimu inabaki kwangu."

Mashimba akaacha pamba. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeambiwa kwa lugha ya kigeni halafu ghafla akasikia Kisukuma. Kwao, mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake mmoja au wawili akae nao. Ng'ombe si wa mtunzaji, lakini maziwa ni yake, samadi ni yake, na wakizaana vizuri mtunzaji hukumbukwa kwa ndama. Hakuna aibu ndani yake. Nyumba nyingi za heshima Usukumani zilianza kwa maziwa ya ng'ombe wa mtu mwingine.

"Basi huyo ni ng'ombe wa kutunza," alisema. "Ng'ombe wa serikali, maziwa yako. Mbona rafiki yako anakutisha na makaratasi? Leta nisaini."

Akasaini. Aliandika jina lake kwa zile herufi alizojifunza kwenye kisomo cha watu wazima, polepole, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo, na alipomaliza akaipuliza karatasi kana kwamba imeandikwa kwa uji. Paskazia alicheka siku ile. Hata leo akiikumbuka ile M yake yenye mabega mapana, hucheka tena.

Miaka mitatu ya Dar ilipita kama inavyopitaga, taratibu ukiwa ndani yake na haraka ukishatoka. Alikula wali maharage wa mkopo, akalala kitanda cha mkopo, wasichana wadogo wa darasani wakamwita Mama Mwanza. Alijifunza majina marefu ya mambo ambayo bibi yake aliyajua bila majina. Alijifunza pia kwamba kunyamaza mbele ya mtu anayeumia ni kazi, ina namna yake, na wengi huishindwa. Mwishoni akavaa joho, akapigwa picha, akarudi Mwanza kwa treni siku mbili na nusu, cheti cha shahada kimelazwa katikati ya khanga.

Na mambo yakawa kama karatasi ya Mama Nusrat ilivyosema, au mabaya zaidi. Serikali ilikuwa imefunga milango ya ajira. Shule alizoandikia hazikujibu. Hospitali kubwa ilimwambia haina kiti cha mtu wa namna hiyo. Masista walimpokea kwa vigelegele, wakamwandalia keki, na kesho yake wakamwambia kwa upendo kwamba nafasi iliyopo ni ya muuguzi. Akarudi kwenye korido ileile, sare ileile, mshahara elfu arobaini na tano, na shahada sandukuni.

Mama Nusrat, Mungu ambariki, hakusema nilikwambia. Alisema tu, "Chai ipo," na hapo ndipo Paskazia alipolia.

Mkataba wa mkopo ulisema malipo yanaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Paskazia aliusoma kila Jumapili baada ya misa, kama vile labda maneno yatakuwa yamelegea kidogo. Akaanza kuacha chakula. Hivyo ndivyo Mashimba alivyomkuta alipokuja kumtembelea mwezi wa pili mwaka tisini na tisa, na debe la mchele wa Magu begani. Alikaa siku nne. Alimwona binti yake akiusoma ule mkataba, akamwuliza kuna nini, na Paskazia, kwa uchovu, akajibu, "Ng'ombe wako wa serikali amekufa, baba." Akaenda kazini.

Siku hiyohiyo zahanati ikapata habari njema. Shirika moja lilikuwa linaanzisha mradi wa ushauri nasaha kwa wagonjwa na familia zao, na lilitafuta watu wanne. Usaili kesho saa tatu asubuhi, kila mtu aje na cheti chake halisi. Sista mzee alimpa Paskazia ruhusa ya kuondoka saa sita mchana. Paskazia alikimbia, na haikuwa desturi yake kukimbia.

Alifungua sanduku. Khanga zipo, picha ya joho ipo. Cheti hakipo.

Baba yake alikuwa kibarazani amevaa koti lake la kanisani, ametulia kama mtu aliyetoka kufanya jambo. Alimweleza bila kuulizwa mara mbili. Asubuhi alikichukua cheti, akauliza njia mpaka ofisi ya elimu, akasubiri zamu yake, akamwambia ofisa mezani: ng'ombe mliyempa binti yangu amekufa, mimi ndiye mdhamini, na hii hapa ni ngozi yake.

Maana ndiyo sheria ya ng'ombe wa kutunza. Akifa kwa ugonjwa au njaa, mtunzaji humchuna na kupeleka ngozi kwa mwenyewe. Mwenyewe akiiona anajua hukumla wala hukumwuza, na habari imekwisha. Hakuna anayedai ng'ombe ambaye ngozi yake ameipokea.

"Wamepokea," alisema Mashimba. "Wamegonga na muhuri. Sasa ule."

Paskazia akageuka kabla hajasema lisilosemwa kwa mzazi. Akashuka mtaani mbio.

Ofisini cheti kilikuwepo, juu ya rundo la mafaili, na nyuma yake muhuri wa zambarau: IMEPOKELEWA, na tarehe. Ofisa alikuwa bado anamsimulia mwenzake. "Wewe ndiye binti wa yule mzee wa ngozi?" Akacheka mpaka akashika meza. Paskazia alikuwa amemkasirikia baba yake njia nzima, lakini alipomwona mtu yule akicheka, hasira ikahama nyumba. Alinyoosha mkono, akapewa cheti, akatoka bila kusema asante. Ni mara ya pekee maishani mwake ambapo hajutii kukosa adabu.

Aliporudi, mzee alikuwa palepale. Aliona cheti mkononi mwa binti yake, na uso ukamwanguka.

"Wameikataa?"

Paskazia akavuta kigoda akakaa. Angeweza kumweleza habari za wizara na mikataba. Badala yake alimwangalia. Aliona koti la kanisani katika joto lile. Aliona viatu vimepigwa rangi. Mtu havai hivyo kwenda kupeleka karatasi. Akamwuliza swali moja tu.

"Baba, kwa nini ilikuwa lazima uende wewe?"

Mashimba akatazama miguu yake. Mama Nusrat, aliyekuwa akipanga mitumba upande wa pili, aliona namna walivyokaa, akakusanya nguo zake na kuingia ndani. Muda mrefu ukapita. Paskazia hakuujaza.

"Unamkumbuka Nkwabi wa Usagara?" alisema mzee.

Alimkumbuka. Rafiki wa baba yake, mtu wa vicheko, aliyekuwa akija zamani na miwa, kisha akaacha kuja.

"Alinipa ng'ombe wawili wa kutunza. Mwaka wa themanini na nne, mwaka ule wa njaa, wewe ulipata nafasi ya kusomea uuguzi. Walitaka sanduku, viatu, mashuka, na ada. Sikuwa na kitu. Nikamchinja mtamba mmoja wa Nkwabi. Alikuwa mzima, mayu, anatembea. Nikauza nyama, nikauza na ngozi. Nikamwambia Nkwabi ameliwa na fisi." Akafungua kifungo cha koti. "Fisi haachi ngozi."

Paskazia akasogeza kigoda chake karibu kidogo.

"Hakuniuliza. Alisema tu, pole. Lakini alijua. Nilimrudishia yule mmoja aliyebaki, na tangu hapo sijakanyaga Usagara. Nikipita njia kuu natazama upande mwingine. Miaka kumi na mitano. Mama yako amekufa hajui." Alijipapasa koti, akatafuta leso, hakuiona. "Hii mara ya pili nimepewa ng'ombe na mtu. Nikasema safari hii nitapeleka ngozi."

Yale mashuka Paskazia aliyalalia miaka mitatu. Lile sanduku ndilo lililotunza cheti. Kila kitu ndani ya Paskazia kilitaka kuinuka kimwambie mzee kwamba si kitu, kwamba ni zamani, kwamba Mungu amesamehe, na alijua kuwa kila neno kati ya hayo lingemfunga mdomo. Akakaa kimya akimtazama. Naye mzee akaendelea. Alieleza jinsi mtamba yule alivyomfuata kwa hiari, akidhani anapelekwa majini. Alieleza bei aliyouzia. Alieleza mambo mpaka kivuli cha nyumba kikafika upande wa pili wa mtaa, na alipomaliza aliomba chakula, akala sahani mbili.

Kesho yake kwenye usaili walikigeuza cheti, wakauona muhuri, wakauliza ni wa nini. "Ni wa kimakosa," alisema Paskazia, na hakuongeza, kwa sababu lililosemwa kibarazani halikuwa lake la kusimulia. Kazi aliipata. Shilingi laki moja na elfu ishirini kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja, na baada ya hapo mradi ukaisha na hangaiko likaanza upya, kama yalivyokuwa mambo ya miradi. Mkopo aliumaliza miaka mingi baadaye, kidogokidogo. Mama Nusrat alipoitafuta ile karatasi ya kalenda na kulinganisha, ilionekana amekosea kwa miezi saba tu. Kwa hesabu ya fedha, alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, na alijivunia hilo mpaka uzeeni.

Ila mshahara wa kwanza wa ile laki na ishirini haukwenda kwenye mkopo. Paskazia alikwenda mnadani na baba yake. Mzee akakagua meno, akakagua kwato, akakataa wanne, na wa tano akamkubali, mtamba mwekundu mwenye doa jeupe tumboni, shilingi elfu sabini na mbili. Wakamlipa kijana wa mnadani amswage, wao wakatembea nyuma yake. Kilomita za mwisho kuingia Usagara Mashimba alitembea akitazama kwato za mtamba.

Nkwabi alikuwa amezeeka, jicho moja lina ukungu, lakini alisimama mlangoni kabla hawajabisha hodi. Aliwatazama wao, akamtazama mtamba. Mashimba akavua kofia. Akashika kamba ya mtamba na kuinyoosha mbele.

Nkwabi akaipokea. Akamzunguka mtamba, akampapasa mgongo, akampiga kofi dogo la makalio.

"Kumbe," alisema, "fisi wa Magu hurudisha."

Akacheka kile kicheko chake cha zamani, akamshika Mashimba mkono kumkaribisha ndani. Mashimba naye alianza kucheka, kicheko kikamgeukia njiani, na akaketi palepale uani, kofia mkononi, akilia kwa sauti kama mtoto. Nkwabi akamtazama Paskazia, hajui afanye nini, akataka kumwinua. Paskazia akatikisa kichwa kidogo. Akakaa chini vumbini kando ya baba yake, na wote watatu wakangoja mpaka alipomaliza.